Bao Lipewe Mahali Pake

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe shauri moja kwa Kamati ya Michezo, kabla haijakaa kuandika orodha ya michezo ya kushindaniwa na mabweni mwaka ujao. Katika orodha ya mwaka huu mna mpira wa miguu, mpira wa pete, mpira wa wavu, riadha na, kwa ajili ya siku za mvua, drafti. Sasa yasemekana kwamba utaongezwa mchezo mmoja mgeni wa vibao na karata, uitwao 7 Wonders, ambao umependwa sana mabwenini tangu mwenzetu mmoja aliporudi nao kutoka likizoni. Sina neno la kuupinga mchezo huo. Neno langu ni hili tu: ukiingia huo, bao nalo liingie, na ikiwa nafasi iliyopo ni moja, basi nafasi hiyo ni haki ya bao.

Kwanza niueleze mchezo mgeni, kwa faida ya wale ambao hawajauona. Aliyeutunga ni Mfaransa, Antoine Bauza, na ulitolewa mwaka 2010. Wachezaji huwa watatu hadi saba. Kila mmoja hupewa mji wa kale pamoja na ajabu la ujenzi la mji huo: Giza na piramidi yake, Babeli na bustani zake, Alexandria na mnara wake wa taa, Rhodes na sanamu yake kubwa, na kadhalika. Mchezo una enzi tatu. Mwanzo wa kila enzi mchezaji hushika karata saba, huchagua moja, na zilizobaki humpitishia jirani. Kwa karata hizo hujenga masoko, mahekalu na majeshi. Enzi ikiisha, majeshi ya majirani hupimana nguvu; na enzi ya tatu ikiisha, alama huhesabiwa, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Mimi na wenzangu wanne tumeucheza Jumamosi nyingi jioni, na mara mbili nimeshinda nikiwa na mji wa Babeli. Ni mchezo mzuri. Humfundisha mtu kumwangalia jirani yake, na kutotumia mali yote katika jambo moja.

Lakini hebu tujiulize: tukiisha kuhesabu alama, tumejua nini juu ya watu wa Babeli? Tumejua jina na picha. Mtu akiyafuta majina hayo na kuandika mengine, mchezo utabaki kuwa ule ule.

Wenzangu wameliona jambo hili pia. Mmoja wao alishauri tuchore vibao vyetu wenyewe: Kilwa na jumba la Husuni Kubwa, na Kaole, ambayo iko kama kilomita 5 tu kutoka hapa Bagamoyo. Shauri hilo ni jema, nami niko tayari kusaidia kuchora. Kilwa inastahili kabisa kukaa pamoja na Babeli. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akausifu uzuri wake, na masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe. Kaole nayo ina magofu ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo, ambayo Neville Chittick aliyachimbua na kuyachunguza mwaka 1958. Kila mmoja wetu amekwisha kwenda kuyatazama pamoja na mwalimu wa historia. Hata hivyo, tukiisha kuvichora vibao hivyo, tutakuwa tumebandika majina ya kwetu juu ya mchezo uliobuniwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa mawazo mengine.

Bao si hivyo. Ule ni mchezo unaosimulia habari za watu wa kale. Bao ni mchezo wa wazee wetu wenyewe, nao umetufikia ukiwa mzima, pamoja na sheria zake, maneno yake na mizaha yake. Ukienda kwenye magofu utaliona jiwe, lakini aliyelichonga huwezi kumwuliza kitu. Ukiketi mbele ya bao, mashauri yale yale waliyokuwa wakiyapima wazee wetu yanakungoja wewe uyapime, na usipoyapima sawasawa unafungwa.

Wako wasemao kwamba bao ni mchezo mwepesi wa kusogeza kete tu. Nadhani hao hawajalicheza. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo nane nane, yaani mashimo 32, na kete 64, kila mchezaji 32. Mwanzoni mchezaji huweka kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba. Zile 22 zilizobaki huzishika mkononi. Sehemu ya kwanza huitwa namua. Kwa kila zamu mchezaji huingiza kete moja ya mkononi, na akipata kula kete za mwenzake zinazoelekeana na shimo lake, huzitia upande wake kuanzia kichwani, moja moja. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji, na hapo huchezwa kwa zile zilizo ubaoni tu. Zamu moja yaweza kuuzunguka ubao mara kadhaa, mtu akila na kuendelea, mpaka kete yake ya mwisho iangukie katika shimo tupu. Hapo ndipo hulala, na mwenzake huanza. Anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake ameshinda. Aliyekosa pa kuchezea naye ameshindwa.

Sasa angalia kazi iliyomo katika akili ya mchezaji. Kabla hajagusa kete yampasa ajue mkono wake utaishia wapi, atakula nini njiani, na baada ya hapo mwenzake atajibu nini. Hakuna dadu ya kusingiziwa, wala karata iliyofichwa. Katika 7 Wonders mtu aliyeshindwa aweza kusema kwamba alipata karata mbaya, na pengine atakuwa amesema kweli. Katika bao hana la kusema. Kete zote zilikuwa mbele ya macho yake na ya macho ya mwenzake.

Wageni waliokwisha kulichunguza bao hawakulidharau. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alitoa, katika Chuo Kikuu cha Leiden, utafiti wake juu ya mabingwa wa bao, na mabingwa aliowafuata ni wa Zanzibar. Alitaka kujua akili ya binadamu yaweza kufika wapi katika kuhesabu, naye akaja pwani yetu kujifunza. Wenyewe pia hatukulidharau. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi mkubwa wa karne ya 19, alilitaja bao katika tungo zake. Na Hayati Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa na kazi nyingi kuliko yeyote kati yetu, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Wala si sisi wa pwani tu. Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 kama bao letu. Wamalawi wana bawo. Waethiopia wana gebeta. Mwanafunzi anayetoka bara asidhani kwamba namwomba acheze mchezo wa watu wengine.

Sasa nilete sababu inayonifanya niandike muhula huu, nisingoje mwingine. Iko baraza moja mjini, karibu na pwani, ambapo mimi na wenzangu wawili tulifundishwa bao tulipokuwa Kidato cha Pili. Wakati ule palikuwa na mabao mawili, na wazee walisubiri zamu. Leo pana bao moja, na siku nyingine wachezaji hawatimii wawili. Wazee wawili wamefariki, mmoja haoni vizuri, na vijana wa mtaani wanapita hapo wakitazama simu zao. Wale wazee hawakukataa kufundisha. Waliokosekana ni wanafunzi. Nyumba ya mawe ikianguka, mafundi waweza kuyapanga mawe yake upya. Lakini mchezo aliokuwa akiujua mzee ukizikwa pamoja naye, hakuna atakayeuchimbua, hata awe mtaalamu namna gani.

Najua kwamba yako malalamiko, na si haki kuyaficha. La kwanza ni kelele. Muhula huu bao letu la bwenini lilitiwa ndani ya stoo kwa amri ya kiranja mmoja, kwa kuwa watazamaji walipiga kelele baada ya taa kuzimwa. Kelele hizo zilikuwapo, na kiranja alikuwa na haki ya kuzikomesha. Lakini mashabiki wa mpira wakipiga kelele usiku, je, mpira hufungiwa stoo mpaka mwisho wa mwaka? Kosa la saa lirekebishwe kwa kupanga saa.

La pili ni kwamba bao hupoteza wakati wa masomo, hasa sisi tunaongojea mtihani wa Novemba. Jibu langu ni kwamba mtu mvivu hupoteza wakati hata akiwa na kitabu mkononi. Bao likichezwa Jumamosi baada ya kazi za usafi, kwa muda uliowekwa, halitaiba dakika hata moja ya masomo ya usiku.

La tatu ni kwamba bao ni mchezo wa wanaume wa barazani, na dada zetu hawatalipenda. Kweli, katika mabaraza mengi wanaocheza ni wanaume. Lakini sheria za bao hazisemi hivyo. Ni desturi ya kukaa barazani tu. Shuleni hakuna baraza la mtu. Katika darasa letu waliotushinda katika hesabu muhula uliopita ni wasichana watatu, nami nisingependa kukutana na yeyote kati yao katika mtaji.

Shauri langu kwa Kamati ni la mambo manne. Kwanza, kila bweni lichongewe bao moja na fundi seremala wa hapa mjini, jambo ambalo litampa kazi jirani yetu. Pili, wageni wa Kidato cha Kwanza waanzie bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili mbili katika kila shimo, nalo hueleweka kwa jioni moja. Tatu, wazee wawili wa mjini waalikwe wawe waamuzi wa mashindano, na wapewe heshima ya walimu. Nne, fainali ichezwe hadharani siku ya wazazi, kama ichezwavyo ngoma.

Gharama si kubwa. Kisanduku cha 7 Wonders kikipoteza karata kumi, mchezo umeharibika, na duka la kuzinunua haliko Bagamoyo. Kete za bao ni komwe, na mkomwe huota papa hapa pwani. Ikipotea moja, mtu huenda kuiokota. Na ubao ukikosekana, mashimo 32 huchimbwa mchangani, na mchezo huendelea.

Mwaka ujao mimi sitakuwapo shuleni hapa. Siombi bao kwa ajili yangu, kwa maana mimi nimekwisha kulipata barazani kwa wema wa wazee ambao hawakunidai hata senti. Naliomba kwa ajili ya watoto wa Kidato cha Kwanza watakaokuja Bagamoyo kutoka mikoa yote, wakae miaka minne hatua chache kutoka kwenye baraza ile, na pengine waondoke wakiijua bustani ya Babeli bila kujua namua ni nini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi kwetu ni hapa. Na tuanze kucheza.

Mwenye maoni yaliyo kinyume cha haya na ayaandike katika toleo lijalo. Tutayasoma kwa heshima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne