Asbesto imepigwa marufuku Marekani, lakini dari ya nyumba yako je?

Kama unaishi katika nyumba ya zamani hapa Marekani, inua macho utazame dari. Ikiwa ina vinundu vidogo vyeupe kama uji mzito uliorushwa ukakauka, hiyo ndiyo wenyeji wanaiita dari ya popcorn, yaani bisi. Ilipendwa sana kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 kwa sababu ilipulizwa haraka, ilificha kasoro za fundi na kupunguza kelele. Leo watu wanaiona ya kizamani, na simu zetu zimejaa video za wanaoikwangua wenyewe kwa siku mbili za wikiendi.

Kina mama kadhaa wameniuliza swali moja: "Dada nesi, si tulisikia asbesto imepigwa marufuku? Sasa hofu ya nini?" Ni swali la haki, na jibu lake liko katika kile sheria inachosema na kile isichosema.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno, hazionekani kwa macho. Ilichanganywa kwenye nyingi ya dari hizi, ingawa si zote. Nyuzi zikivutwa na pumzi hubaki mapafuni, na baada ya muda mrefu, mara nyingi miaka 20 hadi 40, zinaweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au saratani ya utando unaoyafunika. Mtu mzima wa miaka 70 na mtoto wa miaka 3 wakivuta vumbi lilelile, mtoto ndiye mwenye miaka mingi zaidi mbele yake ya ugonjwa kujitengeneza.

Mwaka 1973 EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, lilianza kuzuia asbesto ya kupulizwa majengoni, na mwaka 1978 zuio likafika kwenye dari za mapambo. Akiba iliyokuwepo iliendelea kutumika, kwa hiyo hata nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 huwezi kuiamini kwa kuitazama tu. Mwaka 1989 shirika hilo lilitaka kukataza karibu bidhaa zote za asbesto; mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo. Ilibidi tungoje hadi Machi 2024 ndipo itoke kanuni ya kukataza asbesto nyeupe, aina pekee iliyokuwa bado inaingizwa nchini.

Hiyo ndiyo habari mliyoisikia. Lakini kanuni ile inahusu kuingiza, kutengeneza na kutumia asbesto mpya. Haimlazimishi mtu yeyote kuondoa iliyokwisha pakwa juu ya kitanda cha mwanao. Novemba 2024 EPA ilitoa tathmini ya asbesto ya zamani iliyobaki majengoni, ikasema ni hatari inapovurugwa, na wanaojifanyia ukarabati nyumbani walihesabiwa humo. Ikiwa dari ni nzima na haiguswi, haitarajiwi kumdhuru mtu.

Kwa hiyo ile video ya kukwangua ndiyo ya kuogopwa kuliko dari yenyewe.

Kinachonisumbua mimi ni mpangaji. Jengo lenye makazi ya familia zaidi ya 4 kwa kawaida linapaswa kukaguliwa asbesto kabla ya ukarabati, kwa kanuni ya taifa. Nyumba ndogo ya makazi 4 au pungufu haimo katika kanuni hiyo, na familia zetu nyingi ndimo zinamopanga. Majimbo mengine yameweka kanuni kali zaidi, ndiyo maana ni vizuri kupigia simu idara ya afya au ya mazingira ya jimbo lako na kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kuhusu rangi yenye madini ya risasi, mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 analazimika kukuambia anachokijua kabla hujasaini mkataba. Kuhusu asbesto hakuna sharti kama hilo la taifa kwa mpangaji. Usipouliza, huenda usiambiwe kamwe. Uliza kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na uutunze.

Katika ziara moja ya nyumbani nilikuta kitanda cha dabo deka kimesukumwa ukutani, na mtoto wa juu amechimba dari kwa kidole usiku hadi usiku, kama anavyobandua kidonda. Unga mweupe ulikuwa kwenye mto. Mama alikuwa akiukung'uta kila asubuhi. Tulihamisha watoto chumba kingine siku hiyohiyo, tukafunga mlango, tukaandika kwa mwenye nyumba. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachotazama nikiingia chumba cha watoto ni umbali kati ya kitanda cha juu na dari. Tazama na wewe. Angalia pia madoa ya maji yanayovuja kutoka juu, maana dari iliyolowa hulegea na kudondoka, na ndoano za mapambo mlizochomeka wenyewe.

Mkitaka kuiondoa, kipimo cha maabara ndicho cha kwanza, na sampuli ichukuliwe na mtu aliyefunzwa. Ikionekana haina asbesto, bado uliza kuhusu risasi kwenye rangi ikiwa nyumba ni ya kabla ya 1978. Ikionekana inayo, kuitoa ni kazi ya kampuni yenye kibali, na gharama yake si ndogo. Mimi naona kufunika ndiko kunakofaa familia nyingi: bodi za jipsamu zinafungwa chini ya dari ya zamani, nayo inabaki imefungiwa. Lakini skrubu zinapita ndani ya ileile asbesto, kwa hiyo hata hapo anahitajika fundi anayejua anachokishika. Kupaka rangi kwa rola kunaonekana rahisi, ila rola yenye maji huvuta vinundu vikaja navyo. Kazi yoyote itakayofanyika, mama mjamzito na watoto wasiwepo ndani.

Na kama shemeji ameshakwangua? Msifagie, wala msitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, maana inazirudisha nyuzi hewani. Zimeni feni na kiyoyozi, tokeni, fungeni mlango, kisha ipigieni simu idara ya jimbo. Usijilaumu wala usimkimbize mtoto kupigwa picha ya kifua. Picha ya leo haiwezi kuonyesha nyuzi alizovuta jana, na kuvuta vumbi mara moja kuna hatari ndogo kuliko kuishi nalo kila siku. Mwambie daktari wake kilichotokea kiandikwe kwenye faili. Kipimo cha damu cha madini ya risasi, hicho kipo, na kama nyumba ni ya kabla ya 1978 kiombe kliniki.