Moyo wa Mwana Kifuani mwa Mgeni

Yamkini wapo watakaoshangaa kuona jarida la Kiswahili likimjadili mwimbaji wa Marekani. Nawaomba wanivumilie. Bonnie Raitt si mgeni kabisa barazani petu. Alipokuwa chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960 alisomea taaluma za Kiafrika, na azma yake ilikuwa kusafiri hadi Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Bluzi ikamteka, akaacha masomo, akawafuata wakongwe wa muziki huo kina Sippie Wallace na Fred McDowell. Mwaka 2002 alitoa rekodi yake ya wimbo wa Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe.

Albamu yake ninayoizungumzia ni Just Like That..., aliyoitoa Aprili 2022 akiwa na umri wa miaka 72. Ina nyimbo kumi. Nakiri kwamba mwanzoni niliushabikia mlio wa gitaa lake, analolipiga kwa kutelezesha kipande cha chupa juu ya nyuzi, nao wimbo uliobeba jina la albamu nikauruka. Niliuona mtulivu kupita kiasi.

Niliporudi kuusikiliza, nilinyamaza. Nafsineni ni mama aliyefiwa na mwanawe. Siku moja mwanamume asiyemjua anabisha hodi. Kumbe ndiye aliyepandikizwa moyo wa yule kijana. Mama anakilaza kichwa chake kifuani mwa mgeni, anausikia moyo wa mwanawe ukidunda. Basi. Hamna neno la kutafutwa kamusini.

Februari 2023 wimbo huo ulitunukiwa tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa mwaka, ukizipiku tungo za Beyoncé na Adele. Wengi walistaajabu, mimi sikustaajabu.

Mwaka jana nilitunga shairi la kumwomboleza nyanya yangu. Nililipamba kwa kila neno adimu nililojaaliwa kulipata, vina na mizani vikatimia. Nilipomsomea mama, alinisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na nyanya yako yuko wapi humo?" Sikuwa na jibu. Katika beti zangu kumi na mbili hamkuwa na leso yake, wala kikohozi chake cha alfajiri, wala kigoda alichokikalia akipeta mchele. Nilikuwa nimemwomboleza msamiati.

Sisemi kwamba tuzitupe arudhi, la hasha! Wimbo wa Raitt nao una vina. Wala sibezi utajiri wa lugha yetu, kwani ndio uliotuleta katika idara hii. Ninachokisema ni kwamba sisi wanafunzi tumezoea kulipima shairi kwa idadi ya maneno yanayomshinda msomaji. Tumesahau kwamba Shaaban Robert, alipomlilia mkewe Amina, alimsemesha kama mume anavyomsemesha mke, na ndiyo maana tungali tukilisoma shairi lile.

Wenzangu watunzi, isikilizeni albamu hii, hasa wimbo huo na ule wa mwisho, Down the Hall, ambamo mfungwa anawauguza wafungwa wenzake walio mahututi. Kisha mrejelee tungo zenu.

Mimi nimeanza kulitunga upya shairi la nyanya. Ubeti wa kwanza una kigoda.