Bi Harusi Husingwa, Hapigwi Msasa



Miaka hii Mfunguo Mosi unatuangukia ndani ya masika. Tukishasali Idi harusi zinafuatana, na mvua haina habari na kadi tulizozigawa. Ua, ngazi na baraza vinaota ule ukoga wa kijani unaoteleza. Hapo hakosekani mtu katika familia wa kusema, "Kodini mashine ya presha, ile ya kuoshea magari. Nusu saa tu, kazi imekwisha."

Sisi tunaoshona na kukodisha nguo za maharusi tuna la kusema hapa. Ukoga huo tunaujua, maana unaturudia kwenye pindo za magauni, na doa lake kwenye lesi nyeupe ni gumu kutoka. Lakini pindo ni jambo dogo. Kubwa ni bibi zetu. Mtu mzima akiteleza ngazini akavunjika nyonga, harusi inageuka msiba wa kuuguza miezi mingi. Kwa hivyo ukoga uondoke, hilo halina mjadala. Tunachobishana nacho ni hiyo mashine kupelekwa kila pahala.

Kwanza tujue tunapigana na nini. Ukoga huu ni jamaa ya mwani ambao kina mama wanaulima Paje na Jambiani. Hauna mizizi. Unataka maji na mwanga kidogo tu, basi. Ndiyo maana unapenda pembe isiyopigwa na jua, chini ya mfereji unaovuja, na pale mti ulipoinamia ua. Ukiuondoa bila kuondoa unyevu, mvua mbili tatu tu utakuwa umerudi.

Sasa mashine. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo. Mashine ndogo ya umeme ya kuoshea hutoa maji kwa presha ya baa 100 na zaidi. Maji hayo yakimpiga mtu mguuni kwa karibu, naye amevaa kandambili, yanaweza kuchana ngozi. Sasa fikirini yanafanya nini kwenye ukuta wa zamani.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikaunganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa ni laini na inapumua. Maji yanaingia na kutoka. Ukiipiga presha, lipu inabanduka, na maji yanasukumwa ndani ya ukuta. Halafu watu huziba pale palipobanduka kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa, unyevu unabaki umefungiwa ndani, na ukuta unazidi kuoza na kuota ukoga.

Mbao nazo zina dhiki yake. Milango ya kuchonga, roshani na sakafu za mbao zikipigwa maji makali, nyuzi zake zinasimama na ubao unakuwa na miba. Miba hiyo inanasa lesi na mitandio. Isitoshe, ubao uliokwaruzika unashika maji zaidi kuliko ulio laini, na ukoga hurudi haraka kuliko mwanzo. Kwa hiyo umelipa pesa kuukaribisha tena.

Sote tunajua bi harusi husingwa. Singo hupakwa na kusuguliwa kwa mkono wa pole mpaka taka zote zitoke na ngozi ibaki. Hatujaona somo akimwandaa mwari kwa msasa. Nyumba ya kale ni hivyo hivyo.

Tunachoshauri ni hiki. Anzeni wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia mkesha. Chagueni siku ya jua. Fagieni pakiwa pakavu, kisha mwagieni maji ya sabuni ya unga, muache dakika 10 au 15. Sugueni kwa fagio la chelewa kwenye saruji, na kwa brashi laini kwenye mbao, mkifuata nyuzi za ubao. Suuzeni kwa ndoo na kata. Kuta za chokaa zipanguseni kwa brashi laini bila maji mengi, kisha zipakeni chokaa mpya. Ukali wa chokaa wenyewe unauzuia ukoga. Mwisho katieni matawi yanayoziba jua na zibueni mifereji. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Na tafadhali msitumie siki wala ndimu kwenye kuta za chokaa. Siki na ndimu zinakula chokaa na matumbawe. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inaua ukoga kwenye saruji na vigae, lakini msiipeleke kwenye mbao, na kamwe msiichanganye na siki wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Haki isemwe, mashine ina pahala pake. Kwenye sakafu ya saruji na matofali ya kupanga uani inafaa sana, nayo haifuji maji kama mpira ulioachwa wazi. Na sisi tunaohimizwa tusifanye israfu ya maji hata tunapotia udhu, hilo tulitazame. Ila tumieni mdomo wa maji mapana, msisogee karibu, na msielekeze maji kwenye maungio ya matofali. Mchanga wa katikati ukitoka, matofali yanacheza, na mtu anajikwaa badala ya kuteleza. Mkimaliza rudishieni mchanga.

Tunajua jibu la wengi wenu: brashi inavunja mgongo, na migongo yenyewe ni ya wanawake. Kweli kabisa. Lakini mbona kijana anayeweza kushika mashine hawezi kushika fagio la chelewa? Harusi ni ya familia nzima. Kaka wa bi harusi na binamu zake wapangiwe ua na ngazi kama sisi tulivyopangiwa kukata vitunguu.

La mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Nyumba nyingi za mjini si zetu peke yetu. Kuna za wakfu, kuna za mirathi yenye warithi kumi na wengine bado watoto, kuna za kupanga. Nyumba hizo ni amana mikononi mwetu. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ikianguka na watu wakipoteza maisha. Hatusemi ilianguka kwa kuoshwa. Tunasema majumba haya yamechoka, hayataki kupigwa. Shughuli ni ya siku mbili tatu. Si haki kubandua lipu ya miaka mingi ili ua upendeze kwenye picha, kisha tuwaachie warithi ukuta unaovuja.

Basi mama wa bi harusi, utakapokaa kupanga bajeti ya maua, keki na mpambaji, andika na brashi tatu, sabuni, mfuko wa chokaa na majina ya vijana wanne. Ni pesa ndogo, nayo itamlinda bibi anayekuja kumtunza mjukuu wake.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa za mwaka huu ziwe za kheri na baraka, na atuwezeshe kuzitunza amana zetu. Aamin.