Mnyang'anyeni Penseli Huyo Mtoto

Kila mara wapenzi wa vitabu tunalia wimbo uleule: watu hawasomi, riwaya zinaliwa na mchwa madukani. Lawama tunaitupia simu, kisha serikali, kisha bei ya karatasi. Mimi nasema mchawi tunamtafuta mbali. Chuki ya maandishi tunaipanda chekechea, na jembe lenyewe ni penseli.

Hebu fungua daftari la mtoto wa miaka minne. Ukurasa mzima wa a, ukurasa mzima wa b, mistari imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Mzazi anachekelea, eti ada yake inafanya kazi. Mimi naona mkono uliochoka. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa umri huo mingine bado ni gegedu. Misuli ya vidole nayo haijapata nguvu, kwa hiyo penseli anaikamata kwa ngumi kama mchi. Halafu anachapwa kwa mwandiko mbaya! Jamani, huko ni kumchapa mtu kwa kutoota ndevu.

Sipingi mtoto kujua herufi mapema. Napinga kudhani kwamba herufi huingia kwa penseli tu. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua Casa dei Bambini huko San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma. Watoto wake walipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa kwa msasa huku wakitamka sauti zake. Kidole kilijifunza njia ya herufi kabla mkono haujabebeshwa kalamu. Leo jina la mama huyo limepakwa rangi kwenye mageti ya shule kibao mitaani kwetu, lakini ukiingia ndani unakuta daftari na fimbo.

Na wala hatuhitaji msasa wa Roma. Mdako unamfundisha mtoto kurusha kijiwe, kuchota vingine na kudaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka: jicho na mkono vinafanya kazi pamoja. Kwenye bao anashika kete kiganjani na kuziachia mojamoja, kazi ya vidole vilevile vitakavyoshika penseli kesho. Kuchambua mchele, kumenya karanga, kutunga shanga, kusuka ukili, kufinyanga udongo, yote hayo ni maandalizi ya kuandika, ila sisi tunayaita kupoteza muda.

Kisha mpeleke mchangani. Achore m kwa kidole, aseme mmm. Achore a, aseme aaa. Aunganishe: ma. Arudie: mama. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake ileile popote uikutapo. Hiyo ni zawadi ambayo mtoto wa Kiingereza hana. Sisi tunaitupa jalalani, tunamkaririsha "ei, bii, sii" mtoto ambaye nyumbani anaongea Kiswahili, kisha tunashangaa akisoma embe kama "imbe".

Najua majibu. Mwalimu ana watoto lundo, na daftari linawatuliza. Ni kweli, na simlaumu peke yake, maana mzazi ndiye anayedai kuona kurasa zimejaa. Lakini mchanga ni bure, vizibo vya soda ni bure, na mtoto anayefinyanga herufi kwa udongo hutulia kuliko anayelia juu ya daftari. Wengine watasema wamepakua programu ya herufi kwenye simu. Sawa, lakini kwenye kioo kidole kinateleza tu. Udongo unakataa, unalazimisha misuli ifanye kazi, na ndiyo maana unaijenga.

Penseli ije, tena ije kwa heshima, mkono ukiwa tayari. Watoto hawalingani, wa jirani akiandika jina lake leo, wako si mjinga.

Sisi tunaoandika na kuhakiki vitabu tuna haki ya kulalamika kuhusu jambo hili, kwa sababu msomaji wetu wa kesho yuko kwenye kile kiti kidogo. Akikutana na herufi kwanza kama adhabu, tusimdai apende riwaya akifika miaka ishirini. Kwa hiyo mkienda kumchukua mtoto shuleni, acheni kuuliza ameandika kurasa ngapi. Muulizeni amefinyanga herufi gani, na inatamkwaje.