MKIMBIZI ASIFUNGIWE MLANGO WA KORTI

Mtu aliyekimbia nchi yake akaomba hifadhi Uingereza, akakataliwa, na rufani yake ikashindwa, huambiwa arudi kwao. Lakini dunia haisimami kwa sababu jalada limefungwa. Baada ya miezi michache huenda serikali ya kwao ikapinduliwa, au ndugu yake akakamatwa, au hati aliyoikosa siku ya kesi ikamfikia mkononi. Je, asisikilizwe tena ati kwa kuwa alikwisha kataliwa?

Sheria ya Uingereza yasema asikilizwe, lakini kwa masharti. Kifungu cha 353 cha Kanuni za Uhamiaji chataka mambo mawili: habari anazoleta ziwe hazijapata kufikiriwa, tena zikiunganishwa na zile za kwanza zilete tumaini la kweli la kushinda. Shida iko hapa: anayepima habari hizo ni Waziri wa Mambo ya Ndani na maofisa wake, wale wale waliomkataa mwanzo. Wakisema hazitoshi, mkimbizi hana rufani. Njia iliyobaki ni kuwaomba majaji wauchungue uamuzi huo.

Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Ndiyo maana twasema njia hiyo moja isizibwe.

Majaji wenyewe wamekwisha onyesha faida yake. Mwaka 1987 Baraza la Malodi lilitangua uamuzi wa serikali juu ya Mganda mmoja aliyetaka kurudishwa Kenya, hali akihofia kwamba kutoka huko atapelekwa Uganda. Majaji walisema palipo na hatari ya roho ya mtu, uamuzi wa serikali lazima uchunguzwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, katika kesi za Mkongo mmoja na Mwafghanistani mmoja, ilitumia kanuni hiyo kwa maombi ya mara ya pili. Ilisema Waziri asijiulize tu kama yeye anaamini. Ajiulize kama hakimu mwingine, akitazama kwa uangalifu, aweza kuamini. Kazi ya majaji ni kuona kama kweli alijiuliza hivyo.

Wako wasemao kwamba wakimbizi hurudia maombi ili wacheleweshe safari tu. Wa namna hiyo wapo, hatukatai. Lakini chujio lipo: anayeleta maneno yale yale hapiti. Mwongo akichelewa kurudishwa, serikali imepoteza miezi. Mkweli akirudishwa kwa makosa, hakuna korti itakayomfufua.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la Waingereza peke yao. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na wana wa Msumbiji waliokuwa ugenini. Mwaka 1969 nchi huru za Afrika zilikubaliana Addis Ababa kwamba mkimbizi asirudishwe penye hatari ya maisha yake au uhuru wake. Basi tukiitaka London imsikilize Mwafrika mara ya pili, na maofisa wetu mipakani wamsikilize mgeni wetu mara ya pili, na korti zetu ziwatazame wanavyomsikiliza. Haki tunayoidai kwa wengine, nasi twadaiwa.