Wakikucheka Kijiweni, Polisi wa Nini?

Tangu Msajili wa Jumuiya alipolifunga kanisa la nabii aliyejiita Kiboko ya Wachawi kule Buza, Julai 2024, akituhumiwa pamoja na mengine kutoza watu shilingi 500,000 ili waombewe, mlokole anayepita kijiweni Kiwalani na Biblia kwapani hana raha. "Mama mchungaji, foleni ya nabii leo bei gani?" Vijana wa bodaboda hoi kwa kicheko. Naye pengine anasali kwenye kanisa dogo la mabati ambalo halijawahi kuuza hata chupa moja ya mafuta ya upako.

Afanyeje? Wapo watakaomkumbusha kwamba sheria ipo, na kweli ipo: kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Ila dawa hiyo jiji hili la Dar es Salaam limeshainywa. Miaka ya 1980 na 1990 wahadhiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi, wakitumia aya zake kuonyesha kuwa Yesu ni mtume, si Mungu. Wakristo wengi waliita kashfa. Februari 1998, baada ya malalamiko ya upande wa kanisa, polisi waliingilia mihadhara ya Mwembechai, Magomeni. Tarehe 13 watu waliuawa kwa risasi.

Sijui Mkristo alipata nini pale. Muislamu akisema Yesu si Mungu hajamtukana mtu, amesema anachokiamini. Ukimshitaki kwa hilo, na yeye ana haki ya kukushitaki kila unapomwita Yesu Mwana wa Mungu, na mkuu wa kituo ndiye atakayeamua nani kakufuru. Mbagala, Oktoba 2012, mambo yaligeuka: ubishi wa watoto wawili uliishia kwa mmoja kuikojolea Kurani, na hasira zikayashukia makanisa, yakavunjwa na kuchomwa. Nani aliwafundisha watoto kubishana dini namna ile? Nashuku ni sisi watu wazima, wa pande zote mbili.

Maana na sisi walokole tunacheka. Sikiliza mahubiri ya mkutano wa injili: Mkatoliki anasemwa kwa sanamu, Msabato kwa Jumamosi yake, Muislamu kwa majini, na waumini wanapiga makofi. Halafu kesho yake kijana wa bodaboda akitania kidogo, tunasema tunateswa kwa ajili ya jina la Bwana.

Wale wa kijiweni, mara nyingi, hata hawamcheki Kristo. Wanamcheka nabii wa Buza, wanaicheka spika ya mkesha wa Ijumaa inayopiga hadi alfajiri wakati nyumba za Kiwalani zimebanana dirisha kwa dirisha na jirani ana kichanga. Hapo mtu hahitaji kujitetea. Aseme tu, "Kaka, yule alituaibisha hata sisi," kisha amwendee mchungaji wake kuhusu ile spika. Viongozi wetu wengi walikaa kimya juu ya manabii wa biashara mpaka serikali ilipotangulia, na kimya hicho ndicho kinacholipiwa na mama wa Biblia kwapani. Mawe yakirushwa kanisani, au mtu akinyimwa kazi kwa dini yake, hilo ni jambo lingine. Polisi na mahakama ni kwa ajili hiyo.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni dhihaka ya ndani ya nyumba: mke aliyeokoka, mume anayemwigiza akinena kwa lugha mbele ya watoto, mawifi wakicheka. Kwa huyu, wachungaji huwa na jibu moja, avumilie, afunge na kuomba. Wachache sana hubisha hodi kwa yule mume jioni, wakanywa naye chai, wakamuuliza kinachomkera hasa ni nini. Wakimuuliza, huenda wakasikia kuhusu sadaka iliyotoka kwenye hela ya mboga.