Silaha na Ivunjike

BARZA YA IJUMAA
Na Khamis Mwinyi Ame

Siku ya Mwaka Kogwa, uwanja wa Kae Kuu kule Makunduchi, Unguja, husikika vishindo vya mabua ya migomba. Wanaume wa upande mmoja wa mji huwakabili wa upande wa pili, wakachapana, na vinyongo vya mwaka mzima vikamalizwa palepale. Wanawake hupita na nyimbo zao, wala hawambakishi mtu bila ya kumtania. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, mwaka mpya wa Nairuzi ukafunguliwa. Wageni hupiga picha moto. Mimi leo nina neno na bua.

Bua la mgomba si mti. Ni maganda yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Likiwa bichi lina uzito na linauma kwelikweli, ila baada ya mapigo machache hulegea, likapasuka, vipande vikaruka. Aliyevunjikiwa hajashindwa: hurudi nyuma, hutwaa jingine, huingia tena. Katika mwanya huo mwenzake hupumua, hasira hushuka, na aliyetosheka hujitoa bila ya kuitwa mwoga. Silaha yenyewe ndiyo refa. Wazee husimulia kwamba zamani watu walipigana kwa fimbo. Mkwaju hauvunjiki kwa ubavu wa mtu. Kinachovunjika ni ubavu.

Nayaleta haya kwa ajili ya wale wanaocheza michezo ya kuigiza ya mezani, ya dadu na karatasi, iliyopata umaarufu kwa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Humo mna ubishi wa miaka mingi: upanga wa mpiganaji uvunjike, au udumu mpaka mwisho wa hadithi?

Wanaopinga wana hoja. Kuhesabu uchakavu wa silaha kila pigo kunachosha, na mchezo hugeuka daftari la duka. Tena mpiganaji ndiye anayeonewa, maana mchawi hakatikiwi na uchawi wake. Lakini mzizi wa manung'uniko uko kwingine. Michezo mingi humfundisha mpiganaji kutia kila alichonacho, ujuzi na dhahabu, katika upanga mmoja. Ukivunjika huo, umemvunja yeye. Ndiyo maana hata kubadilisha silaha hataki.

Dark Sun, ulimwengu wa jangwa ulioandikiwa mchezo huohuo mwaka 1991, ulikaribia ufumbuzi. Chuma ni adimu huko, watu hupigana kwa mifupa, mawe na mbao. Katika toleo lake la 2010, mchezaji akipata moja kwenye dadu anaposhambulia huchagua: akubali kukosa, au arushe tena ilhali silaha yake isiyo ya chuma inavunjika. Hapo kuvunjika kumekuwa bei anayoilipa kwa hiari yake, na bei haimuudhi mtu kama adhabu. Sheria za Dungeons & Dragons za 2024 nazo zimelegeza mkono: kila aina ya silaha imepewa mbinu yake, na mpiganaji huweza kuchomoa au kurudisha silaha katikati ya mashambulizi yake. Bado lakini upanga wenye uchawi hukaa kiunoni kama hirizi.

Makunduchi hakuna bingwa wa bua fulani. Ubingwa umo katika mkono, jicho na kujikinga, na hayo hayapasuki. Kijana wa Unguja akitunga mchezo wake, ningemshauri aanzie hapo. Ujuzi uandikwe kwa jina la mtu, usiandikwe kwa jina la upanga. Silaha ziwe nyingi na rahisi, na ya akiba iwe karibu. Kila inapovunjika, pande zote mbili zipewe zamu moja ya kuamua: kuendelea, kusuluhishana au kuondoka. Msimamizi wa mchezo anayetaka panga zivunjike bila ya wachezaji kununa, ampe mpiganaji silaha ya pili kabla hajamvunjia ya kwanza.